Gondola Ipi Hiyo? Mwongozo Kamili wa Kulitambua, Kulichunguza na Kulitafsiri Neno Moja Lenye Mambo Mengi

Ukikutana na neno gondola katika maandishi ya kigeni ukaandika "mashua ya Venice", mara nyingi utakuwa umepatia. Taabu ipo kwenye mara zilizobaki. Ripoti ya usafiri wa mjini kutoka Bolivia itajaa gondola ambazo hazijawahi kugusa maji. Mkataba wa msambazaji wa sabuni utataja kichwa cha gondola, na kinachozungumziwa ni rafu. Mwanahistoria wa Vita Kuu ya Kwanza ataandika habari za gondola iliyopita juu ya jangwa la Sudan usiku. Maneno ni yaleyale, vitu ni mbalimbali kabisa.

Mwongozo huu ni wa mfasiri, mwandishi wa habari, mwalimu wa lugha, na pia msafiri anayetaka kujua anachokipanda kabla ya kufungua pochi. Kanuni ninayoitumia ni moja: usianze kwa kuuliza gondola ni nini, uliza imeshikiliwa na nini. Maji? Waya? Gesi? Reli? Sakafu ya duka? Ukishapata jibu hilo, kazi iliyobaki ni nyepesi.

Hatua ya 1: Hakikisha si jina la mahali wala la mtu

Tazama herufi ya kwanza. Mkoa wa Manica, katikati ya Msumbiji, una mji unaoitwa Gondola, kwenye njia ya reli itokayo bandari ya Beira kwenda mpaka wa Zimbabwe. Ukisoma kwamba "treni ilisimama Gondola", hapo hakuna chombo chochote. Kufanana kwa majina si ushahidi wa undugu wa maneno, kwa hiyo usijaribiwe kuunganisha mji huo na Italia eti kwa sababu Wareno ni Wazungu na Wavenisi ni Wazungu.

Kuna pia ukoo. Mshairi wa Dubrovnik, mji wa Kroatia ya leo, Ivan Gundulić, aliyeishi kati ya 1589 na 1638, katika maandishi ya Kiitaliano huitwa Gondola. Ukikuta "mashairi ya Gondola", usiyapeleke mtoni.

Wanaofasiri kutoka Kifaransa, hasa ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda, wana mtego wao wa ziada. Kitenzi *se gondoler* hutumika kwa ubao au karatasi iliyopinda kwa unyevu, na mitaani humaanisha kucheka mpaka mbavu ziume. Sentensi isemayo kwamba mlango umefanya hivyo inataka neno "umepinda" na si zaidi.

Hatua ya 2: Tafuta kinachoishikilia

Soma sentensi mbili kabla na mbili baada. Ukiona kasia, mfereji, daraja au Italia, ni chombo cha majini. Ukiona kituo, mlima, abiria kwa saa, nguzo au theluji, ni kichumba cha kwenye waya. Ukiona puto, rubani, gesi ya hidrojeni au heli, ni sehemu ya chombo cha anga. Makaa ya mawe, chuma chakavu na injini ya treni vinakupeleka relini. Bidhaa, mauzo na mteja vinakupeleka dukani. Vioo vya ghorofa na mafundi wa rangi vinakupeleka kwenye jukwaa linaloning'inia ukutani.

Tahadhari moja: lugha ya asili ina uzito. Mjerumani huita *Gondel* hata kile kichwa cha mtambo wa upepo, lile sanduku lililo juu ya mnara linalobeba jenereta nyuma ya mapanga. Kwa hiyo ripoti ya Kijerumani kuhusu mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana inaweza kuzungumzia "gondola" 365, na hakuna hata moja inayobeba abiria.

Hatua ya 3: Ikiwa ni maji, kijue chombo chenyewe

Hapa ndipo pa kukaa, kwa kuwa maana nyingine zote zimechimbuka hapa.

Gondola ya Venice ina urefu wa karibu mita 11 na upana wa mita 1.4 hivi. Tumbo lake ni bapa kwa sababu mifereji mingi ya mji ule haina kina, na chombo chenye mkuku mrefu, yaani uti wa chini, kingekwama. Ukiona vyaelea jua vimeundwa: gondola moja huundwa kwa vipande vya mbao kama 280, kutoka aina nane za miti, ukiwemo mwaloni, mcheri, mjozi na mkangazi. Karakana ya kuunda na kukarabati vyombo hivi huitwa *squero*. Maarufu kuliko zote ni ile ya San Trovaso, ya karne ya 17, yenye nyumba za mbao zinazofanana na za milimani, kwa sababu mbao na mafundi wengi walishuka kutoka milima ya kaskazini.

Jambo la ajabu zaidi halionekani mpaka usimame mbele ya chombo ukakitazama sawasawa: kimepinda. Ubavu wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia, kwa tofauti ya sentimita 24 hivi. Hilo limefanywa kwa makusudi. Mpiga kasia ni mmoja, amesimama kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma, upande wa kushoto, na kasia lake moja hufanya kazi upande wa kulia. Kwa chombo kilicho sawa pande zote, kila pigo lingesukuma omo, yaani sehemu ya mbele, kwenda kushoto na jamaa angekuwa anazunguka mahali pamoja. Ule upinde ndio unaomrudisha kwenye mstari. Umbo hili la kisasa husifiwa sana kwa fundi Domenico Tramontin, aliyefungua karakana yake mwaka 1884, ingawa mafundi wengi kabla yake walikwisha kuanza kulikaribia.

Kasia halikufungwa popote. Linaegemea *forcola*, kipande cha mti wa mjozi kilichochongwa kwa mikunjo na vipembe. Waswahili wa pwani wana kishwara, kitanzi cha kamba kinacholishikilia kasia kwenye ubavu wa mashua. Forcola hufanya kazi hiyo na nyingine zaidi, kwani kila mkunjo una kazi yake. Mmoja ni wa kwenda mbele kwa kasi, mwingine wa kwenda taratibu, mwingine wa kukata kona, mwingine wa kurudi nyuma. Kila forcola huchongwa kulingana na kimo na mkono wa mwenyewe.

Mfasiri azingatie haya matatu. Kwanza, ni kasia, si kafi. Kafi hushikwa mikononi bila kuegemezwa popote. Pili, si pondo. Picha nyingi humwonyesha mtu amesimama na mti mrefu, na wengi huandika kwamba anasukuma chini ya mfereji, jambo ambalo si kweli. Tatu, "kuvuta makasia" hakufai, maana avutaye huketi akiupa mgongo uelekeo wa safari, na huyu anatazama mbele na kusukuma. Andika "kupiga kasia" na uendelee.

Lile chuma lenye meno kwenye gubeti, ncha ya mbele ya chombo, huitwa *ferro*. Kila mwongoza watalii atakuambia kwamba meno sita ya mbele ni mitaa mikuu sita ya Venice, yaani Cannaregio, Castello, Dorsoduro, San Marco, San Polo na Santa Croce. Kwamba jino la nyuma ni kisiwa cha Giudecca. Na kwamba mkunjo wa juu ni kofia ya Doge, mtawala wa Venice ilipokuwa jamhuri. Ni masimulizi matamu na yanafaa kusimuliwa, mradi uyaandike kama masimulizi. Chuma kilikuwepo kabla ya maelezo.

Rangi nyeusi nayo ina kisa. Katika karne ya 16 na ya 17 matajiri walishindana kupamba gondola zao kwa hariri na dhahabu, na serikali ikatunga sheria za kuzuia anasa. Nyeusi ikabaki kuwa sare ya wote. Zamani hizo katikati ya chombo kulikuwa na kibanda kidogo kilichoitwa *felze*, cha kumsitiri abiria na mvua, jua, na macho ya majirani. Siku hizi kibanda hicho hakipo, kwa sababu mtalii hulipa ili aone na aonekane.

Kuna mchoro wa Vittore Carpaccio wa miaka ya 1490, uliopo kwenye jumba la sanaa la Accademia mjini Venice, unaoonyesha muujiza karibu na daraja la Rialto, wakati huo likiwa bado la mbao. Mbele kabisa, kwenye gondola, amesimama Mwafrika akipiga kasia, amevaa kwa umaridadi kuliko abiria wake. Halikuwa jambo la kubuni: Waafrika walifanya kazi hiyo Venice enzi hizo, wengine wakiwa watumwa, wengine wakiwa wamekwisha kuachwa huru. Mchoro huo pia unafaa kwa kulinganisha, kwani gondola zake ni fupi na hazijapinda kama za leo.

Kazi hii ilipita toka baba kwenda mwana kwa karne nyingi. Mwaka 2010 Giorgia Boscolo, binti wa mpiga kasia, alifaulu mtihani na kuwa mwanamke wa kwanza kupata leseni. Leo wenye leseni ni zaidi ya mia nne kidogo, katika mji ambao zamani ulikuwa na maelfu ya gondola.

Hatua ya 4: Ukitaka kuipanda

Anza na bei, maana hapa ndipo wageni huumia. Bei rasmi iliyoanza Novemba 2023 ni yuro 90 kwa dakika 30 mchana, na yuro 110 kwa dakika 35 kuanzia saa 1 jioni. Bei hiyo ni ya chombo kizima. Si ya kichwa. Gondola hubeba watu wasiozidi watano. Mwaka 2020 idadi ilipunguzwa kutoka sita, na wapiga kasia walisema wazi kwamba watalii wa siku hizi ni wazito kuliko wa zamani. Kwa hiyo mkiwa watano mnalipa kama yuro 18 kila mmoja, na ukiwa peke yako unalipa zote 90. Kabla ya kuondoka nyumbani angalia kama bei imepanda tena.

Kabla hujaweka mguu chomboni, kubaliana mambo mawili kwa sauti: dakika ngapi, na njia ipi. Mimi ningeomba mifereji midogo ya ndani. Mfereji Mkuu ni mpana na una majumba ya kifahari, lakini boti za injini hutikisa maji muda wote na mazungumzo huishia kwenye kelele. Ndani kuna ukimya, kuta zenye ukoga, na sauti ya mpiga kasia akiita "Oè!" kabla ya kona ili anayekuja upande wa pili ajue.

Kuingia: kanyaga katikati, shuka upesi, kaa pale utakapoelekezwa. Usichague kiti. Mpiga kasia anawapanga kwa uzito ili chombo kikae vizuri, na mtu anayehamahama kupiga picha humpa kazi ya bure. Maji yakijaa sana madaraja ya chini hayapitiki, hivyo njia inaweza kubadilika, na hilo si utapeli.

Wimbo haumo kwenye bei. Ukitaka mwimbaji, mkubaliane pembeni. Na ukiomba "O sole mio", jua unaomba wimbo wa Napoli. Ni kama kumwomba mpiga taarab wa Unguja akupigie ngoma ya mkoa mwingine wa mbali, ataipiga kwa ajili ya hela tu.

Mwenye mfuko mwepesi atafute *traghetto*. Hii ni gondola kubwa zaidi, yenye wapiga kasia wawili, inayovusha watu kutoka ng'ambo moja ya Mfereji Mkuu hadi nyingine. Mgeni hulipa yuro 2. Kivuko cha Santa Sofia, jirani na soko la samaki la Rialto, ndicho rahisi kukipata. Safari haimalizi hata dakika chache, wenyeji wengine huvuka wamesimama na mifuko yao ya sokoni, na kwa maoni yangu hapo ndipo unapoiona gondola ikifanya kazi yake ya kweli: kuvusha mtu aendaye kwenye shughuli zake. Tikiti ya boti ya umma ni yuro 9.50, kwa hiyo hata kihesabu traghetto inashinda kwa mtu anayetaka kuvuka tu.

Hatua ya 5: Pima madai ya asili ya neno

Swali la asili huulizwa sana, na majibu ya mkato yamejaa kila mahali. Ukweli ni kwamba wataalamu hawajakubaliana. Hilo lisikuzuie kuyapima madai, na vipimo ni vitatu: tarehe, sauti, na maana.

Tarehe kwanza. Ushahidi wa zamani unaotajwa na wengi ni hati ya Kilatini ya mwaka 1094, ya Doge Vitale Falier, inayowasamehe watu wa Loreo, mji ulio kusini ya Venice, wajibu fulani na kulitaja neno *gondulam*. Angalia kwamba hati hailielezi. Inalitumia kama neno ambalo kila msomaji analijua. Basi neno lina umri zaidi ya mwaka huo, na dai lolote linalotegemea jambo lililotokea baadaye limeanguka.

Sasa yapange madai yenyewe.

Dai la Kigiriki cha Bizanti, dola iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli: *kontoura*, chombo kidogo, jina linaloelezwa kuwa limeunganisha "fupi" na "mkia". Kwa sauti linapita vizuri, kwani k kuwa g, nt kuwa nd na r kuwa l ni mabadiliko ya kawaida. Kwa maana pia linapita. Kwa historia linapita zaidi, maana Venice ilianza ikiwa chini ya Bizanti na mabaharia wake walikuwa Konstantinopoli kila msimu.

Dai la Kigiriki la pili: *kondy*, chombo cha kunywea, neno ambalo Wagiriki wenyewe walilichukua Uajemi. Msomaji wa Kiingereza hukunja uso hapa: bakuli limekuwaje mashua? Mswahili hana sababu ya kushangaa. Sisi tunasema chombo kwa sufuria na chombo kwa jahazi, na hatujawahi kuchanganyikiwa. Kwa sauti liko sawa. Linabaki na udhaifu wa kutokuwa na daraja, yaani maandishi yanayoonyesha neno hilo likitumika kwa mashua.

Dai la Kilatini: *cymbula*, mtumbwi mdogo. Maana ni safi kabisa, na ndiyo sababu lilipendwa na wasomi wa zamani. Kwa sauti linachechemea, kwa sababu ni lazima ueleze mb imegeukaje kuwa nd. Dai la *conchula*, kombe dogo la baharini, lina ugonjwa uleule. Umbo linafanana, sauti hazikubali.

Dai la mtikisiko: vitenzi vya lahaja za kaskazini mwa Italia vyenye maana ya kuyumba au kubembea, kama Kiitaliano *dondolare*. Kamusi kadhaa hulipa nafasi. Swali la kuuliza ni nani alimzaa nani: chombo kimeitwa hivyo kwa kuwa kinayumba, au kuyumba kumeitwa hivyo kwa kuwa chombo kinayumba?

Nikilazimishwa kuweka dau langu, naliweka kwenye kontoura. Lakini ukiandika, andika "asili yake inabishaniwa" kisha utoe madai mawili yenye nguvu. Usiandike "linatokana na" kama vile umelishuhudia likizaliwa.

Hatua ya 6: Ikiwa ni gesi, uliza abiria walikaa wapi

Mwishoni mwa karne ya 19 wabunifu wa meli za anga walihitaji jina la kile kisanduku kirefu kinachoning'inia chini ya tumbo la gesi. Kilikuwa chembamba kama mashua, na neno likapanda angani. Meli ya kwanza ya Ferdinand von Zeppelin, LZ 1, iliruka tarehe 2 Julai 1900 juu ya Ziwa Konstanz ikiwa na gondola mbili.

Kwa msomaji wa Tanzania kisa cha kujua ni cha L 59. Novemba 1917 meli hiyo ya anga ya Wajerumani iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na tani kama 15 za risasi, dawa na mahitaji mengine kwa jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, lililokuwa likipigana kusini mwa nchi hii. Haikutegemewa kurudi. Kitambaa chake cha nje kingekuwa mahema, mbavu zake zingekuwa milingoti ya redio, na ngozi ya njia ya kupitia ndani ingeshonwa viatu. Ikiwa juu ya Sudan, magharibi ya Khartoum, iliamriwa igeuze. Ilitua palepale ilipoanzia baada ya saa 95 na kilomita karibu 6,800 bila kugusa ardhi. Katika maandishi ya kisa hiki gondola ni vyumba vya kuendeshea na vya injini. "Mashua" ingempoteza msomaji mara moja.

Angalizo la kiufundi: kwenye Graf Zeppelin ya mwaka 1928 abiria waliishi ndani ya gondola. Kwenye Hindenburg, iliyoungua Lakehurst tarehe 6 Mei 1937, vyumba vya abiria vilikuwa ndani ya tumbo la meli na gondola ilikuwa ya kuongozea tu. Kwa hiyo "abiria waliomo gondolani" ni sahihi kwa moja na ni kosa kwa nyingine.

Puto la kisayansi nalo lina gondola yake. Tarehe 27 Mei 1931 Auguste Piccard na Paul Kipfer walipanda kutoka Augsburg hadi mita 15,781 wakiwa ndani ya tufe la alumini lililozibwa, kwa kuwa hewa ya huko haitoshi kumweka mtu hai. Hapo andika "kichumba kilichozibwa". Maputo ya watalii ya Serengeti na Maasai Mara ni jambo jingine. Yale yana kikapu, na kila mtu anakiita kikapu.

Hatua ya 7: Ikiwa ni waya, hesabu vichumba

Si kila kinachoning'inia kwenye waya ni gondola. Kuna mfumo wa vichumba viwili vikubwa vinavyopishana, kimoja kikipanda kingine kinashuka. Mlima wa Meza wa Cape Town una mfumo huo tangu 1929. Mfumo wa gondola una vichumba vidogo vingi vinavyozunguka bila kukoma. Kila kichumba kinaubana waya. Kikifika kituoni kinauachia, kinapunguza mwendo ili watu wapande, kisha kinaubana tena. Waya wenyewe haujasimama hata mara moja. Ndiyo maana gondola huvusha umati bila foleni ndefu, na ndiyo maana ilihama kutoka milima ya wacheza theluji ikaingia mijini: Medellín, Kolombia, mwaka 2004, kisha La Paz na El Alto, Bolivia, mwaka 2014, ambako wakazi wa mji ulio juu ya mita 4,000 hushuka kazini wakiwa wameketi juu ya mapaa ya nyumba.

Afrika Mashariki neno hili linatufikia kupitia mipango. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilitangaza kufikiria magari ya nyaya Mlima Kilimanjaro, na wapagazi wakahoji nani atawahitaji. Mombasa ilikuwa na mpango wa kuvusha watu Likoni kwa njia hiyohiyo. Ukiandika habari kama hizi, "magari ya nyaya" yanaeleweka na kila msomaji. Tumia "gondola" pale tu unapohitaji kutofautisha mifumo miwili niliyoitaja.

Hatua ya 8: Ikiwa ni nchi kavu

Hapa nitakwenda haraka. Relini, kwa Kiingereza cha Marekani, gondola ni behewa la mizigo lisilo na paa, lenye kuta fupi, la kubebea chuma au makaa. Andika "behewa la wazi". Kabla ya hapo Wamarekani walikwisha kuliita hivyo jahazi bapa la mtoni, hata la kivita: Philadelphia, gondola ya mizinga iliyozama Ziwa Champlain tarehe 11 Oktoba 1776, iliinuliwa mwaka 1935 na sasa imo kwenye makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Chombo hicho hakikufanana na cha Venice hata kidogo.

Dukani, gondola ni rafu inayosimama katikati ya ukumbi, ina bidhaa pande zote mbili, na kichwa cha gondola ni ile ncha inayotazama njia kuu, ambako bidhaa hununuliwa zaidi na nafasi yake hugombewa. Si jambo dogo: mwaka 2020 Argentina ilipitisha sheria iliyojulikana kama sheria ya gondola (ilifutwa mwaka 2023), ili kampuni moja isijaze rafu nzima ya aina fulani ya bidhaa. Kwa Kiswahili "rafu ya kati" na "ncha ya rafu" vinatosha.

Ukutani, hasa katika maandishi ya Japani na Singapore, ni jukwaa linaloshushwa kwa kamba kutoka paa la ghorofa ili mafundi wasafishe vioo. Andika "jukwaa la kuning'inia".

Hatua ya 9: Liandike Kiswahili kikubaliane nalo

Waitaliano hukaza silabi ya kwanza. Sisi tutakaza ya pili kutoka mwisho, gon-DO-la, na hakuna haja ya kumsahihisha mtu redioni kwa hilo. Ndivyo maneno mengi ya kukopa yanavyofanya yakishakaribishwa.

Kwa ngeli, liweke kwenye I-ZI pamoja na ngalawa na mashua: gondola imefika, gondola zimefika. "Magondola" utaisikia kwa mvuto wa magari na majahazi, hasa kwenye habari za nyaya. Haitamuua mtu, lakini ndani ya makala moja chagua umbo moja.

Aendeshaye mwite mpiga kasia wa gondola. "Nahodha" ni cheo kikubwa mno kwa chombo chenye mtu mmoja, na "dereva" anaacha harufu ya petroli. Neno la Kiitaliano, *gondoliere*, lifae mara ya kwanza tu, kwa mlazo, kisha urudi kwenye Kiswahili.

Mwisho, usiweke maana mbili katika aya moja bila kumwonya msomaji. Kitabu cha mwongozo wa watalii kinachotaja gondola za Venice na gondola za kwenye waya za Alps katika ukurasa uleule kinataka "gondola" kwa ya kwanza na "magari ya nyaya" kwa ya pili, hata kama mwandishi wa awali alitumia neno moja kwa zote.